Reli ya Mfano Haina Mrithi

Kampuni ya Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900, na kwa Wamarekani wa makamo Krismasi haijakamilika bila treni yake ya umeme kuzunguka chini ya mti. Ndiyo maana kufungwa kwa kituo chake cha wageni cha Chesterfield, kaskazini mwa Detroit, si jambo dogo kwa wapenzi wa treni za mfano. Hapo palikuwa na mandhari nzima ya reli iliyojengwa kwa ajili ya umma, yenye treni kadhaa zinazopishana, na mtu asiye na haja ya kununua chochote aliweza kwenda kutazama. Huzuni yao naielewa. Nisichokubaliana nacho ni dai linaloandamana nayo kila mahali onyesho la namna hii linapofungwa: kwamba umma umenyang'anywa kitu chake. Umma haukuwahi kuwa na kitu pale. Ulikuwa na ruhusa ya kuingia, na ruhusa hutolewa na kuondolewa na mwenye mlango.

Lionel haikuwahi kuficha kazi ya maonyesho yake. Enzi za mwanzilishi wake, Joshua Lionel Cowen, ukumbi wake wa maonyesho ulikuwa Mtaa wa 26 Mashariki, Manhattan, nao ulijengwa ili mwenye duka na mzazi watoke pale wakiwa wameshaamua cha kununua. Tazama vikorombwezo vilivyoijengea kampuni jina. Kuna mlinzi wa njia panda, aliyeanza kuuzwa mwaka 1935: treni ikikaribia, mlango wa kibanda unafunguka, kijitu kinachomoka na taa mkononi, na treni ikishapita kinarudi ndani. Kuna behewa la maziwa la mwaka 1947, ambalo mhudumu wake huyatoa madebe moja baada ya jingine na kuyaweka kwenye jukwaa la stesheni. Kitu kama hicho ukikitazama ndani ya boksi hukielewi. Lazima ukione kikifanya kazi. Meza kubwa ya reli iliyowekwa mbele ya watu ilikuwa muuzaji asiyelipwa mshahara, na siku mauzo yanapopata njia nyingine, muuzaji huyo hubaki na gharama tu: pango, umeme, na fundi wa kutambaa chini ya meza kutafuta waya uliokatika.

Hesabu za kampuni zilikuwa ngumu pia. Mwaka 2001 utengenezaji uliondolewa Michigan na kupelekwa Asia, kwa hiyo Chesterfield ikapoteza kiwanda kilichokuwa sababu ya wageni kwenda huko. Mwaka 2004 Lionel iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi baada ya kuamriwa kumlipa mshindani wake takriban dola milioni 40 katika kesi ya siri za biashara. Hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye, na kampuni ikatoka ufilisini mwaka 2008, lakini makao yake makuu nayo yaliishia kuhamia Concord, North Carolina. Katika mlolongo huo wote sioni mahali ambapo mhasibu mwenye akili zake angetetea chumba kinachotazamwa bure.

Sasa linganisha na Chicago. Mwaka 1941 kampuni ya reli ya Santa Fe nayo ilitaka kujitangaza kwa reli ya mfano, ila yake iliiweka ndani ya Jumba la Makumbusho la Sayansi na Viwanda. Miaka ikapita. Santa Fe yenyewe iliunganishwa na Burlington Northern katikati ya miaka ya 1990, ikaacha kuwa kampuni inayojitegemea. Treni za mfano za jumba lile hazikufuata. Mwaka 2002 makumbusho yaliiondoa meza ya zamani na kujenga mpya ya futi za mraba zipatazo 3,500, inayosimulia safari ya kutoka Chicago hadi Seattle. Uingereza kuna mfano ulio wazi zaidi. John Ahern alijenga nyumbani kwake reli aliyoiita Madder Valley, akafariki mwaka 1961. Mandhari ya reli ya mtu binafsi kwa kawaida huenda na mwenyewe: warithi hawana nafasi, milima ya plasta hupasuka ikibebwa, na kilichobaki huuzwa kipande kipande. Ya Ahern ipo mpaka leo kwa sababu ilikabidhiwa makumbusho ya Pendon, kijiji cha Long Wittenham, yanayoendeshwa chini ya udhamini na si kwa faida ya mtu.

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili na Waingereza. Wakfu ni huohuo, na umri wake kwetu ni mkubwa kuliko reli yoyote ya Afrika Mashariki. Aliyeweka nyumba wakfu Lamu au Unguja alijua kwamba watoto wanaweza kuuza na wajukuu wakagombana, hivyo akaitoa nyumba katika mirathi akiwa hai. Hata serikali zetu, katika suala la treni, zimefanya kitu kinachokaribiana na hicho. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likagawanywa, na kwa muda nchi jirani hazikusikilizana hata juu ya mipaka kufunguliwa. Lakini Mount Gelai, injini ya mvuke ya daraja la 59 iliyotengenezwa Manchester na yenye uzito wa tani zipatazo 250, ipo pale Nairobi ikiwa na jina lake la mlima wa Tanzania. Lipo pia behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka 1900. Mwenye mali wa kwanza alikufa, mali ikapata mlezi mwingine. Usiniambie uzito ndio uliomwokoa Mount Gelai. Wauza vyuma chakavu hawashindwi na tani.

Najua nitakachojibiwa: makumbusho yetu yamelala. Vumbi ni jingi, maelezo ni machache, na hizo nyumba za wakfu za Mji Mkongwe ninazozisifia nyingi zimechakaa kwa sababu kodi yake haitoshi hata kupaka chokaa. Ni kweli, na siwezi kuipamba. Dhamana bila kipato ni kuoza polepole. Hata hivyo kitu kilicholala bado kinaweza kuamshwa na bajeti, na meneja mwenye ari, na hata kelele za magazeti. Meza ya reli iliyokatwa kwa msumeno haina cha kuamshwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: onyesho zuri hujilipia. Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa na mapacha Frederik na Gerrit Braun mwaka 2001, hupokea wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka wa kawaida, nayo ni biashara ya watu binafsi. Lakini Gulliver's Gate ya New York ilifuata njia hiyohiyo karibu na Times Square. Ilifunguliwa mwaka 2017 kwa gharama ya dola milioni 40 hivi, na ilipofika Januari 2020 ilikuwa imefungwa, kabla ya korona kupata nafasi ya kulaumiwa. Hamburg inathibitisha kwamba tiketi zinaweza kutosha. Haithibitishi kwamba zitaendelea kutosha wenyewe wakizeeka au warithi wao wakipenda kitu kingine.

Wala sisemi kampuni zilazimishwe kugawa mali zao; zikilazimishwa hazitajenga tena. Nasema wanaopenda wadai mapema, wakati kampuni ingali inahitaji makofi yao. Vilabu vya treni za mfano vina mafundi wanaojitolea, vina wanachama wenye fedha, na ndio wateja wenyewe. Wangeweza kuomba kifungu kimoja tu: siku kampuni itakapotaka kufunga, makumbusho au chama fulani kilichotajwa kwa jina kipewe nafasi ya kwanza ya kulichukua onyesho, pamoja na michoro ya nyaya na muda wa kutosha kulihamisha. Nyumbani, ambako kampuni huonyesha zaidi kwa msimu, Sabasaba ikiisha banda likafungwa, kifungu hicho kingefaa kuanzia sasa, hasa kwa mashirika ya reli ya kisasa yanayotengenezewa mifano ya stesheni na madaraja kwa ajili ya maonyesho. Ada ya wakili wa kukiandika haitakuwa kubwa. Injini moja ya Lionel ya daraja la juu leo hupita dola 1,000, na wapo wanachama wa vilabu hivyo wenye rafu nzima za injini kama hizo.