Mfalme Mmoja, Ngome Mbili

Waliosema "tembea uone" hawakukosea. Nilipojaliwa kufika San Juan, mji mkuu wa kisiwa cha Puerto Rico katika bahari ya Karibi, hamu yangu kuu ilikuwa kuizuru Castillo San Felipe del Morro, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1539 mbele ya lango la bandari. Imejengwa juu ya jabali, nayo huinuka takriban mita 40 kutoka majini. Kwenye uwanda wake wa nyasi watoto walikuwa wakirusha tiara, vicheko vyao vikichukuliwa na upepo ule ule uliowahi kuleta majahazi ya vita.

Mpenzi msomaji, jina la Felipe ndilo lililonisimamisha. Linamuenzi Felipe wa Pili, mfalme wa Uhispania, ambaye tangu mwaka 1580 alitawala Ureno pia. Katika enzi yake, mwaka 1589, ngome hii ilichorewa ramani mpya. Miaka minne baadaye, kwa amri yake, Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Nilikuwa nimevuka bahari nikidhani naenda ugenini, kumbe ninakwenda kwenye himaya ya bwana yule yule!

Lakini mfalme hakubeba hata jiwe moja. Miongoni mwa walioujenga ukuta wa San Juan walikuwamo Waafrika watumwa, katika kisiwa ambacho utumwa haukukomeshwa hadi mwaka 1873. Nilipapasa mawe waliyoyapanga. Jina la mfalme li langoni. Majina yao sikuyaona popote.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno letu gereza. Asili yake ni neno la Kireno, igreja, yaani kanisa. Aliyeileta igreja pwani yetu alikusudia mahali pa sala. Waswahili wakalipokea neno, nalo leo maana yake ni mahali pa kufungiwa watu. Ngome ya Yesu yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

Wanafunzi wenzangu, etimolojia si somo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Mwenye ngome huandika jina lake ukutani. Asiye na ukuta ana ulimi, na ushahidi wake tutaupata katika maneno, tukiyachunguza.