Nyumba Iliyorudishwa Ujanani

Msomaji, kama umewahi kuketi jikoni penye mafiga matatu na moto wa kuni, chini ya paa lisilo na dohani, basi maisha ya mkulima Mwingereza wa zama za kale si mageni kwako kama udhanivyo. Nililikumbuka jiko la namna hiyo siku nilipoingia Bayleaf, nyumba ya shamba iliyojengwa Kent, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 15, na ambayo leo imesimama Singleton, katika Sussex.

Kiunzi chake ni miti ya mwaloni iliyounganishwa kwa vigingi. Kuta zake ni fito zilizokandikwa udongo. Katikati mna ukumbi usio na dari. Moto uliwashwa sakafuni, moshi ukapanda mpaka paani, ukajipenyeza kati ya vigae. Madirisha hayakuwa na vioo. Watu walikohoa, nadhani, wakazoea.

Mwanzoni mwa karne ya 16 iliongezwa sehemu mpya upande mmoja, wenye nyumba wapate faragha. Waliokuja baadaye walitenda jambo kubwa zaidi: walijenga dohani ya matofali. Moshi ulipokwisha kufungiwa humo, iliwezekana kutandika sakafu juu ya ukumbi, na vyumba vya kulala vikapatikana mahali palipotawaliwa na masizi.

Mwaka 1968 nyumba ilianza kufunguliwa, mti mmoja mmoja, kwa sababu ya ujenzi wa bwawa la Bough Beech, ikahamishiwa Singleton kwenye makumbusho ya Weald and Downland. Hapo likazuka swali: isimamishwe Bayleaf ipi? Mafundi walichagua ile ya mwaka 1540 hivi, na masizi yaliyoganda juu ya makombamoyo yakawa shahidi wao. Dohani haikurudishwa.

Nakiri kwamba pasipo uamuzi huo nisingaliuona ukumbi ule, na ni mzuri mno. Lakini nilimfikiria mama wa kwanza aliyepika humo bila kutokwa na machozi. Kazi ya mwashi wake ilidumu miaka mingi kuliko moto wa sakafuni, nayo ndiyo iliyoondolewa! Ningaliulizwa mimi, ningaliiacha dohani.

Nilipotoka, moto ulikuwa ukiwaka pale katikati ya ukumbi. Nguo zangu zilinuka moshi hadi jioni.