Bagira: Mstari umejaa, mega zimekwisha

Mama mmoja alihama Nyabibwe, katika teritware ya Kalehe, mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025. Sasa anaishi hapa Bagira kwa kaka yake, pamoja na watoto wanne. Mwana wake wa kwanza alikuwa akifanya kazi Bukavu. Vita ilipofika mjini katikati ya mwezi huo huo, kijana alishika njia ya Uvira na wengine, kisha akavuka Burundi, hadi uwanja wa mpira wa Rugombo. Tangu hapo, kila jioni mama ananunua mega za franga 500, anafungua WhatsApp na kungoja sauti ya kijana.

Jioni moja, kabla ya sauti hiyo, ujumbe mwingine uliingia katika grupu ya familia: kampuni ya simu inagawa giga 20 bure. Aliyeutuma ni shemeji yake, mtu asiyejulikana kwa mizaha. Mama akabonyeza.

Kwanza yalikuja maswali mepesi: una miaka mingapi, unatumia simu ya namna gani. Kisha masanduku tisa ya zawadi yakatokea. La kwanza tupu. La pili tupu. La tatu likafunguka, na karatasi za rangi zikaanguka kwenye kioo: umeshinda! Chini yake, watu wenye picha nzuri walikuwa wakishukuru kwamba wamekwisha kupokea zao. Kulibaki jambo moja: kutuma ujumbe kwa magrupu 5 au marafiki 20, mpaka mstari wa buluu ujae.

Akatuma kwa grupu ya familia ya mume wake. Mstari ukafika nusu. Akatuma kwa wamama wa kanisa, kwa majirani wa Nyabibwe, kwa wahami wa Bagira. Saa zilikuwa zikihesabiwa kurudi nyuma: dakika mbili, dakika moja. Mstari ukasimama karibu na mwisho. Nani ataacha hapo? Akatuma tena. Mstari ulipojaa, ukurasa mwingine ukafunguka, wenye matangazo, ukiomba namba yake ya simu. Kisha kila kitu kikasimama. Mega zilikuwa zimekwisha.

Mchezo wa namna hii umepangwa vizuri. Sanduku la tupu linakupa uchungu kidogo, ili la tatu likufurahishe. Lakini karibu kila mtu anashinda kwa sanduku la pili au la tatu. Wale wanaoshukuru hawapo, maneno yao yameandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Hata mstari wa buluu haujui kama ujumbe umefika kwa mtu. Unahesabu tu mara ngapi kidole kimebonyeza.

WhatsApp yenyewe imejaribu kupunguza mbio za jumbe. Mwaka 2018 iliweka alama kwenye ujumbe uliopitishwa kutoka kwa mtu mwingine. Mwezi wa kwanza 2019 ilisema mtu asipitishe ujumbe kwa zaidi ya sehemu 5 kwa mara moja, wakati kabla ilikuwa 20. Mwezi wa nne 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa mara moja. Lakini kitufe cha mchezo huu hakipitishi ujumbe wa zamani. Kinaandika ujumbe mpya kwa jina lako. Unafika bila alama yoyote, kama vile umeuandika kwa mkono wako. Shemeji hakumdanganya mama huyu. Jina la shemeji ndilo lililotumiwa, na baada yake jina la mama likatumiwa vilevile.

Wazee wanakumbuka barua za zamani: nakili mara saba, ugawe, utabarikiwa, ukiitupa, utapata mkosi. Siku hizi mkosi umeondolewa, mstari umewekwa mahali pake.

Hapa kwetu hasara si mega peke yake. Tangu benki zifunge milango, feza za watu wengi ziko ndani ya simu. Anayeanza kwa kuomba namba ya simu anaweza kesho kuomba namba ya siri. Mchezo huo unaweza pia kuvaa jina la shirika la msaada: tuma kwa watu 10 ili uandikwe kwenye orodha. Hakuna shirika la kweli linaloandika wahami kwa njia hiyo. Ukipokea ujumbe kama huo, muulize kwanza aliyekutumia: wewe mwenyewe umepokea kitu?

Swali hilo lilimfikia mama usiku ule ule, lakini alilisikia asubuhi, jirani alipomgawia koneksio. Mpwa wake alikuwa ameuliza: «Mama Mukubwa, ile mesaji ulituma ni ya kweli? Sababu mega zangu zimekwisha na sijaona kitu.»

Chini yake kulikuwa sauti ya kijana, iliyotumwa jioni: «Mama, hii simu ni ya mwenzangu, anaenda nayo kesho asubuhi. Kama unasikia, unijibu leo.»

Mama alijibu palepale. Alama moja ikaonekana, ya pili haikuja.

Akakaa kidogo. Kisha akaingia katika yale magrupu, moja moja, akasema kwa sauti yake: «Ile nilituma jana ni uongo. Mega zangu zilienda bure. Musitume kwa mutu mwingine.» Hakuna mstari uliojaa. Wawili walimshukuru, mmoja akasema naye ataonya wake.

Alama ya pili ilionekana siku ya tatu. Jioni hiyo mama alinunua mega mapema, akafungua sehemu moja tu, akangoja.