Komanda bila sindika

BENI – Kila asubuhi, ndege ndogo inapopita juu kuelekea kiwanja cha Mavivi, mwanaume mmoja wa miaka 42 hutoka nje ya nyumba aliyopanga na kusimama kimya. Watoto wa jirani wanapunga mikono. Yeye anasikiliza mashine. Kwa mlio tu anajua kama ni Let 410 ao Antonov 28, na kama imebeba sana.

Mtaani wanamuita Komanda. Kwa miaka 11 aliendesha ndege za kukodiwa kutoka Goma: leo wafanyabiashara, kesho mgonjwa, kesho kutwa mawe ya Walikale. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipochukua Goma na kiwanja cha ndege kikafungwa, kazi yake ilikwisha siku ileile. Kontra yake ilisema analipwa kwa saa za kuruka. Hakuna kuruka, hakuna dola. Malipo ya Desemba yalikuwa bado hayajatoka, na patro alikuwa amekwisha kufika Kinshasa. Simu inaita, hapokei.

Jirani yake ni mwalimu, mama aliyekimbia Rutshuru na watoto wanne. Siku moja wakiwa kwenye bomba la maji, alimuuliza:

– Komanda, sindika yenu inasema nini?

Komanda akacheka.

– Mama Mwalimu, sindika ni ya walimu. Piloti ana patro tu.

Watu wengi wangesema hivyo. Rubani anavaa shati nyeupe, analala hoteli, anabeba wakubwa. Mtu kama huyo atagoma kwa sababu gani? Lakini kazi hiyo inafanana zaidi na ya dereva wa lori kuliko watu wanavyodhani. Mwenye gari ndiye anasema mzigo ni kilo ngapi, na dereva ndiye anakufa nao.

Kule Marekani swali hili limekwisha kujaribiwa. Marubani wa NetJets, kampuni kubwa ya ndege za matajiri, wana sindika yao wenyewe. Mwaka wa 2015 walisimama na mabango mjini Omaha, kwenye mkutano wa Berkshire Hathaway ya tajiri Warren Buffett, ambayo ndiyo mwenye kampuni. Mbele ya mwaka kuisha, walikuwa na mkataba mpya. Lakini sindika si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka wa 2010 kampuni hiyohiyo ilisimamisha kazi karibu marubani 500, na sindika ilikuwepo. Na marubani wa Flexjet, kampuni nyingine, walipiga kura kuingia sindika mwaka wa 2015, kisha mwaka wa 2018 wakapiga kura kuitoka.

Komanda anajua sababu za kukataa. Kampuni yao ilikuwa na ndege mbili na marubani watano. Watu watano wakigoma, patro anatafuta wengine watano. Tena, ndege zikisimama, nani anaumia? Barabara imekatwa, dawa zinapita juu. Mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungoja mazungumuzo ya marubani.

Mama Mwalimu hakukubali.

– Kugoma ni kitu cha mwisho. Cha kwanza ni kusema hapana, na usiwe peke yako.

Neno hilo lilimgusa, kwa sababu yeye aliwahi kusema hapana peke yake.

Ilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha udongo, porini, mvua imetoka kunyesha. Mzigo ulikuwa umekwisha kupimwa. Vijana wakaleta mifuko mingine sita. Akakataa. Patro akapiga simu: «Unakataa pesa yangu?» Komanda akashusha mifuko, akaruka salama. Juma lililofuata hakupangiwa safari hata moja. Mwenzake, baba wa watoto watano, alitumwa kuchukua ile mifuko pamoja na mzigo mwingine. Aliruka, akafika bila shida. Hapo ndipo Komanda aliumia zaidi, kwani patro alimwambia: «Umeona? Ndege ilikuwa inaweza.»

Watu wa Goma hawajasahau tarehe 24 Novemba 2019, wakati ndege aina ya Dornier 228 iliyokuwa ikienda Beni iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, dakika chache baada ya kuruka, na kuua watu zaidi ya 20. Ajali moja inaweza kuwa na sababu nyingi, na hakuna anayesema sindika ingeizuia. Lakini abiria hana njia ya kupima mzigo. Anayeweza kumkinga ni rubani asiyeogopa kukosa ugali kesho.

Katiba ya Kongo ya 2006 inampa haki hiyo. Kifungu cha 38 kinakubali uhuru wa sindika, cha 39 haki ya kugoma. Hakisemi walimu peke yao. Na kama kampuni moja ina marubani watano tu, kampuni kumi zina hamsini. Hao hamsini wanaweza kupatana kuhusu mambo mawili matatu: uzito usipitishwe, anayekataa asifukuzwe, na vita ikifunga kiwanja, deni la mshahara lilipwe. Wanaweza pia kupatana kwamba safari za wagonjwa hazigusiwi na mgomo wowote.

Jioni ile Mama Mwalimu alimpa karatasi moja kutoka daftari la shule. Komanda akaanza kupiga simu. Mmoja yuko Kampala, mwingine Kalemie, mwingine anauza mafuta Butembo. Wawili walikubali. Mmoja alisema: «Mkubwa, niko na wewe, lakini usiandike jina langu.» Yule baba wa watoto watano hakupokea.

Kwenye karatasi kuna majina matatu. La kwanza ni la Komanda mwenyewe.