Mgeni wa Wajir na Watu Aliowakuta

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Garissa huona nchi ikibadilika baada ya kupita Mwingi. Mashamba hukoma, miti huwa mifupi yenye miiba, na afikapo Bangale, katika nchi ya Tana River, huwakuta Waorma na Wasomali na mifugo yao. Hapo ameingia kwa watu ambao nyumba yao husafiri pamoja nao. Akivuka Mto Tana na kuelekea kaskazini zaidi ya kilometa 300, atafika Wajir, mji wa visima.

Huko Wajir ndiko alikokaa Bibi Annalena Tonelli, mwenyeji wa Forlì katika Italia. Alizaliwa mwaka 1943, akasomea sheria, akaja Kenya mwaka 1969. Hakuwa mtawa, alijitolea tu. Kwanza alifundisha shuleni, kisha akahamia Wajir awahudumie wagonjwa na maskini.

Wajir haikumpokea kwa vigelegele. Mwaka 2001, akihutubu huko Vatikani, alieleza mwenyewe kwamba mwanzoni kila kitu kilimpinga: alikuwa kijana, basi neno lake halikuwa na uzito, alikuwa mzungu, alikuwa Mkristo kati ya Waislamu, tena hakuwa na mume, jambo ambalo watu wale hawakuweza kulielewa hata kidogo. Hakuwalaumu kwa hayo. Alikaa nao tu, miaka ikapita, na watu wakauona mwenendo wake. Mzee mmoja mwenye cheo, aliyempenda, alimwambia kwamba Waislamu wanayo imani, bali yeye na wenzake wanao upendo. Ni sifa kubwa, ingawa yaelekea mzee alijipunja mwenyewe, kwani kumkaribisha mgeni wa namna ile nako si upendo mdogo.

Lakini waliomfundisha zaidi ni wagonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikuwa aibu kwao, na mwenye kukohoa alificha kikohozi chake mpaka akaanza kutema damu. Hata akipelekwa hospitali, mtu wa ngamia hakai kitandani kwa raha. Mwili uko wodini, moyo uko malishoni. Zamani tiba ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mgonjwa akipata nafuu katika mwezi wa pili alisikia kwamba mvua imenyesha upande fulani, akaondoka usiku. Kila mkulima ajua shamba lililopaliliwa nusu huwaje. Ugonjwa uliokatiziwa dawa hurudi na nguvu mpya, na pengine dawa ile ile haiufai tena, naye mwenyewe huwaambukiza watoto wake.

Wengi waliona dosari hiyo kuwa ya mgonjwa, wakamwita mkaidi. Bibi Tonelli aliona kwamba dosari ni ya kitanda. Basi tangu mwaka 1976, katika kazi ya majaribio aliyokabidhiwa kuisimamia, mgonjwa hakuambiwa aiache nyumba yake bali aje nayo. Watu walikuja na fito na mikeka yao, wakajenga vibanda karibu na mahali pa matibabu, wakafanya manyatta yao wenyewe. Kila siku dawa ilimezwa mbele ya macho ya mhudumu, si kwa kutodhaniwa bali kwa kusaidiwa, na dawa mpya zilifupisha tiba ikawa miezi 6. Palikuwa na mafunzo ya kusoma, na mafunzo ya Kurani pia. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza po pote njia ya kumeza dawa mbele ya msimamizi, na manyatta ya Wajir huhesabiwa miongoni mwa mahali ilipojaribiwa mapema.

Kisha ikaja Februari 1984. Watu wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Hesabu yao ingali inabishaniwa. Bibi Tonelli alitoka kuwatafuta majeruhi na kuwaokota maiti, na alisaidia habari zifike nje ya nchi. Angeweza kunyamaza akaendelea na kazi yake, na wako ambao wangemwona mwenye busara. Lakini waliolala pale walikuwa majirani zake wa miaka mingi. Mwaka 1985 ilimpasa kuondoka Kenya.

Aliwafuata Wasomali kwao, katika miji mbalimbali, na mwisho Borama. Huko aliendesha hospitali ya kifua kikuu, akafungua shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka uo huo alipigwa risasi katika hospitali yake, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 60.

Hakuacha mali. Karani aliyezoea kuhesabu miaka iliyobaki apate kiinua mgongo atashangaa kusikia kwamba mwanamke huyu alifanya kazi zaidi ya miaka 30 bila mshahara, wala hakujiwekea akiba yo yote ya uzeeni.