Ziwa Lililo Nyuma ya Lango

Kwa miaka kadhaa nimefundisha msamiati wa maji kwa chaki. Huandika ubaoni ufuko, wimbi, povu, mtumbwi, nao wanafunzi huyanakili maneno hayo kwa utiifu, kana kwamba ni majina ya vitu vilivyoko nchi ya mbali. Hali ziwa lenyewe liko mwendo mfupi tu kutoka darasani kwetu hapa Kampala. Basi muhula uliopita niliazimia kuwapeleka Entebbe wakayaone maneno yao.

Ndugu msomaji uliyepata kuliona Ziwa Victoria asubuhi utanielewa nikisema kwamba macho hayalizoei. Waganda huliita Nalubaale. Ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 ni tarakimu tu hadi usimame kwenye mteremko uone maji yenye rangi ya bati yakienda hadi yakutane na mbingu, na furukombe akilia juu ya mti mkavu. Mvulana mmoja, mzaliwa wa jiji, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ng'ambo iko wapi?" Sikumjibu upesi. Swali hilo sikupata kulisikia darasani.

Tulipoteremka tulikuta ukuta, na katika ukuta lango. Bawabu alitupokea kwa adabu kamili. "Shikamoo, mwalimu. Karibuni, lakini kila mtu ana kiingilio chake." Wanafunzi walikuwa 40, na fedha nilizokuwa nazo zilikuwa za basi na mikate. Nilimsihi atuachie nusu saa tu. Alisikitika, akasema yeye ni mtu wa kuajiriwa. Nyuma yake niliuona mchanga uliofagiwa, na miavuli, na hapana mtu hata mmoja chini yake.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, yasema kwamba maziwa ya asili hushikwa na serikali kwa amana, kwa ajili ya wananchi. Kanuni za mwaka 2000 nazo ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kandokando ya ziwa hili. Ukuta ule, kwa kadiri ya macho yangu, haukuacha hata mita 20. Ziwa lenyewe lilipata kuikumbusha kanuni hiyo kwa njia yake: mwezi Mei 2020 lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likaipita alama ya mwaka 1964, likaingia katika bustani na kumbi zilizojengwa mahali pake. Maji yaliposhuka, kuta nyingi zilijengwa upya.

Tukaenda mwaloni, ambako hakuna lango. Hapo palikuwa na mitumbwi, na mukene walioanikwa juani, na harufu ambayo wasichana waliizibia pua. Palikuwa pia na chupa za plastiki, vipande vya nyavu, na mifuko ya kaveera iliyozikwa nusu mchangani. Sikuwaruhusu kuingia majini kwa hofu ya kichocho. Mama mmoja muuza samaki alitupigia kelele, "Angalieni vioo, wanangu!"

Hapa yanipasa kukiri jambo lisilonipendeza. Ufuko wa kulipia ulikuwa safi, na ufuko wetu sote ulikuwa mchafu. Mwenye ukuta angeweza kuniambia kwamba hiyo ndiyo hoja yake, nami pale pale nisingekuwa na jibu. Nimelifikiri sana tangu siku ile. Naona kwamba mwaloni hapakuchafuliwa na uhuru wa kuingia. Sikuona pipa hata moja pale, na mama yule aliniambia kuwa gari la taka hufika nadra mno. Tena, taka nyingi hushuka na mifereji kutoka kwetu mjini. Chupa zile yaelekea tulizinywa sisi.

"Mwalimu," aliuliza msichana mmoja, "ufuko wa umma ni upi, ule au huu?" Nilikuwa nimewafundisha neno umma wiki mbili kabla, kwa mfano wa barabara na hospitali.

Tulianza kuokota. Sikuwaamuru, mvulana wa ng'ambo ndiye aliyetangulia, kisha wengine. Yule mama alitupa magunia matano ya zamani. Baada ya saa moja kipande cha mchanga chenye upana kama wa darasa letu kilikuwa wazi, na wanafunzi wakaketi hapo kula mikate yao, wakitazama mtumbwi ukiingia na wavuvi wakiupandisha nchi kavu.

Dereva wetu aliyakataa magunia. Tulibishana naye kitambo. Mwisho akakubali mawili yakae nyuma, kwa sharti kwamba nikae nayo mimi. Matatu tuliyaacha chini ya mwembe, na mama akaahidi kuyaangalia hadi gari la taka lifike. Muhula ujao nitarudi kuona kama bado yapo.