Anaimba Nini Huyu?

Sisi tuliokulia Tanga miaka ya 1960 na 1970 tulizoea kupenda nyimbo tusizozielewa. Redio ilitoa Kilingala cha Franco na Tabu Ley, mtaa mzima ukaitikia na kukosea karibu kila neno. Tulitoka sinema tukiwa na nyimbo za Kihindi nzima nzima kichwani, na sikumbuki mtu aliyeuliza maana. Bibi yangu alikuwa na santuri za Umm Kulthum na alijua pa kulia, ilhali Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu. Maneno tuliyasikilizia kwenye taarab. Shakila akiimba na Black Star, watu walinyamaza wasije wakapitwa na fumbo, maana fumbo lingeweza kuwa la jirani, au lako mwenyewe. Basi tulikuwa na masikio ya aina mbili, ya maneno na ya sauti, na tulijua ya kutega wakati gani.

Mwaka 1984 nilikwenda Edinburgh kusomea ualimu. Kabla sijaondoka, kila aliyekuja kuniaga alinikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alisoma huko na kupata shahada yake mwaka 1952. Hakuna aliyenikumbusha koti.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na wasichana kadhaa, na mmoja wao alitoka Fife, ng'ambo ya ghuba. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na mwaka ule wachimbaji walikuwa kwenye mgomo ulioanza Machi na ambao ungeendelea hadi Machi ya mwaka uliofuata. Binti huyu alivaa nyeusi juu hadi chini, nywele amezitimua, pete za fedha kila kidole. Wenzetu wengine walimwogopa kidogo. Mimi mtu wa pwani, nimezaliwa katikati ya mabuibui, nyeusi haikunitisha. Kilichonishangaza ni wanja, mwingi kuliko wa bibi harusi. Alikuwa mtu wa gothi. Chumbani kwake ukuta mmoja ulikuwa wa Siouxsie and the Banshees na mwingine wa The Sisters of Mercy, wale wa Leeds. Muziki wenyewe ulikuwa besi nzito, ngoma za mashine, na waimbaji wa kiume walioimba kana kwamba wamefungiwa kisimani.

Novemba ile alirudi na sahani mpya, Treasure ya Cocteau Twins. Aliishika kwa fahari ya mtu wa nyumbani, kwa sababu wawili kati ya watatu wa bendi ile, Elizabeth Fraser na Robin Guthrie, walitoka Grangemouth, mji wa bandari ambao wakati ule ulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, na ambao si mbali na Edinburgh. Wa tatu, Simon Raymonde, alikuwa mgeni aliyechukua besi, na ile ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza nao. Zaidi ya hapo, sehemu ya albamu ilirekodiwa Edinburgh kwenyewe. Jalada lilikuwa na lesi, kitambaa cha kike kabisa, katika mwanga wa machweo. Nyimbo kumi, na kila moja ilipewa jina tupu: Ivo, Lorelei, Beatrix, Persephone, Pandora na kuendelea. Ivo nilikuja kujua baadaye ni jina la bosi wao, Ivo Watts-Russell wa kampuni ya rekodi ya 4AD. Mengine yalikuwa ya miungu ya kale, ya watakatifu, na ya watu ambao pengine hawakuwahi kuwapo. Maneno ya nyimbo hayakuchapishwa popote.

Sindano ilipogusa, sikusikia nilichozoea kusikia kupitia ukuta wa chumba changu. Gitaa la Guthrie lilikuwa limepitishwa kwenye vifaa vingi vya mwangwi hata likaacha kuwa gitaa. Lilisambaa chumbani kama ubani. Ngoma zilikuwa za mashine, lakini zimetiwa mwangwi wa kanisa kubwa. Juu ya hayo yote sauti ya Fraser ilipanda, ikashuka, ikajipinda, ikajiitikia yenyewe kwa sauti ya pili na ya tatu, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja nililoweza kulishika.

Nilikaa kimya, nikidhani ni Kiingereza changu. Nilikuwa bado napata taabu na lafudhi ya wauza duka wa Leith, seuze mwimbaji. Ndipo nikamwona binti wa Fife anainua sindano, anairudisha nyuma, daftari magotini, kalamu mkononi. Aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Kisha akaniuliza mimi, mgeni: anaimba nini huyu?

Kwa wiki kadhaa nyumba ile haikuwa na habari nyingine. Mmoja alisema ni Kigaeli. Mwingine, aliyesomea Kilatini, akaapa si Kilatini. Wa tatu alisema ni Kiingereza kilichotafunwa. Marafiki wa gothi waliokuja Jumamosi waligawanyika vibaya zaidi. Kwao Garlands, albamu ya kwanza ya mwaka 1982, ndiyo ilikuwa halali: besi yake ilinguruma na giza lake lilijulikana kuwa giza. Hii mpya, walisema, ni tamu mno. Huwezi kuichezea klabu, na huwezi kuisononekea vizuri kwa sababu hujui inakusononesha kwa nini. Magazeti ya muziki ya kila wiki, ambayo yalizunguka jikoni mpaka yakafungiwa chipsi, yalijaa sifa za mbinguni na malaika, lugha ya watu walioelemewa wakakosa la kusema. Kwenye orodha ya mauzo ya Uingereza albamu ilifika nafasi ya 29, pazuri kwa kampuni ndogo, lakini haikuwa kitu cha kutikisa taifa.

Kilichotikisa taifa kilikuja Desemba: wimbo wa Band Aid wa kuchangia njaa ya Ethiopia, unaouliza kama watu wanajua ni Krismasi. Kila neno lake lilieleweka, na hapo ndipo palikuwa na taabu yangu. Basini, dukani, maktabani, watu wema walinitazama kwa huruma wakiniuliza kama familia yangu inakula. Nilijibu kwamba Tanga kuna foleni ya sukari lakini mvua inanyesha, mito ipo, na Krismasi tunaijua hata sisi tusioisherehekea, kwani pilau la majirani hupita mlango kwa mlango. Fedha zile ziliokoa watu, silikatai hilo. Lakini jioni, nikiwa nimeshachoka kuelewa, nilimgongea binti wa Fife mlango nimwombe anipigie Treasure. Ilikuwa sahani pekee katika jiji lile ambayo mimi na wenyeji tulikuwa sawa mbele yake. Sikuwa mgeni zaidi yao.

Nilimweleza habari ya Franco na ya bibi yangu na Umm Kulthum. Hakuridhika. Aliona kwamba Waarabu wenyewe wanamwelewa Umm Kulthum, kwa hiyo maana ipo, hata kama bibi haipati. Kwa Fraser hakuna mahali pa kwenda kuuliza. Ilikuwa hoja nzuri na mpaka leo sina jibu lake kamili. Fraser mwenyewe amewahi kueleza kwamba maneno mengine aliyatoa kwenye vitabu na kamusi za lugha asizozijua, akayachagua kwa mlio wake. Wakati ule hatukulijua hilo.

Nilirudi nyumbani na Treasure kwenye kaseti. Nakiri nilitaka kuwaona watu wetu wanaipokeaje. Wadogo zangu walicheka, halafu walipofika Otterley, ule wimbo wa minong'ono usio na ngoma, wakaomba nizime kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, redio inatumia betri, na hawakutaka mizimu gizani. Mama alidhani ni Mhindi, tena anaumwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, hadi Donimo, unaoanza kwa kunong'ona na kuishia kwa kupasuka, kisha akauliza swali moja: "Huyu mwanamke amefiwa na nani?" Nikamwambia hakufiwa, ni mtindo. Akatikisa kichwa na kusema mtu haimbi vile kwa mtindo. Katika wote niliowasikilizisha albamu ile, wa Uskoti na wa kwetu, ndiye pekee aliyeuliza habari za mwimbaji badala ya habari za maneno.

Baada ya hapo bendi iliniacha nyuma. Mwaka 1990 walitoa Heaven or Las Vegas, iliyofika nafasi ya saba Uingereza, na binti wa Fife aliniandikia kwamba sasa anashika sentensi nzima na hajui kama anafurahi. Mwaka 1997 walivunjika. Mwaka uliofuata sauti ya Fraser ikaingia masikioni mwa watu wengi kuliko wote aliowahi kuwaimbia na Cocteau Twins, kupitia Teardrop ya Massive Attack.

Mimi niliisikia tena mahali ambapo sikuitarajia. Mpwa wangu alileta nakala ya filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, ile ya mwaka 2001. Gandalf amekwisha kuanguka shimoni, wasafiri wamefika msituni, na sauti ya kike inaomboleza. Nikaijua kabla haijamaliza pumzi ya kwanza. Anaimba Kielvi, lugha iliyobuniwa na Tolkien, na sebule nzima ilitulia ikasikiliza. Hakuna aliyeuliza anaimba nini. Nilicheka peke yangu, na mpwa akanikasirikia kwa kucheka msibani. Lakini fikiria: miaka ya 1980 mwanamke yule yule, kwa sauti ile ile, aliwanyima watu usingizi kwa maneno yasiyoeleweka. Kumbe yalikosa ruhusa tu. Msikilizaji akiambiwa kuna kamusi mahali fulani, hata kama hatoifungua maisha yake yote, moyo wake unatulia.

Leo hata kamusi haiulizwi. Binti wa kaka yangu, aliyesoma chuo Dar es Salaam, aliijia Cocteau Twins kwa mlango wa nyuma: The Weeknd alichukua kipande cha wimbo wao mmoja akakitumia mwaka 2011, yeye akafuatilia mpaka akafika Treasure. Aliniambia, "Shangazi, huu muziki unanisaidia kusoma." Kusoma! Nyimbo zilizowafanya wadogo zangu wanishike kanga gizani, yeye anaziweka kwa sauti ya chini chini anapojiandaa na mtihani wa uhasibu. Hasikii kifo wala kanisa. Anasikia utulivu. Nikamwuliza kama haimsumbui kutoelewa maneno, akasema angeyaelewa asingeweza kusoma.

Sikupinga, ingawa naona kitu kimepungua. Albamu ile ilikuwa na makali. Ngoma za Persephone zinagonga, na ndani ya Beatrix kuna wasiwasi ambao hata leo siwezi kuusikiliza nikipika. Ukiifanya muziki wa pembeni, makali yale ndiyo yanakuwa ya kwanza kuondoka. Walioitengeneza, kwa upande wao, hawakuwahi kuifurahia sana. Guthrie ameiponda hadharani, kwa kuona ilifanywa kwa haraka na haikukamilika. Raymonde amesimulia kwamba Brian Eno alifikiriwa kuwa mtayarishaji wao, akakutana nao na kuwaambia hawamhitaji. Kwa hiyo hata wao wana maoni yao, na wasikilizaji wao wamekataa kuyafuata kwa miaka arobaini.

Binti wa Fife sasa ni bibi wa wajukuu na anaishi mji uleule aliozaliwa. Bado tunaandikiana, siku hizi kwa simu. Juzijuzi binti wa kaka yangu alinionyesha ukurasa ambapo mtu amekaa akaandika maneno ya Lorelei yote, mstari kwa mstari, kama alivyoyasikia yeye. Nikampelekea. Alijibu usiku ule ule kwamba amekwenda kulitafuta daftari lake, kwamba mistari inayolingana haizidi miwili, na kwamba huyo aliyeandika hajui kusikiliza.